Kidole Gumba cha Bosi Liang

Kila Jumamosi asubuhi Dalila aliamshwa kwa kuvutwa mkono. "Inuka! Xintang hawatusubiri!" baba yake, Sufian, alikuwa akisema, na alama za vidole vyake zilibaki mkononi mwa binti hadi adhuhuri. Sufian alikuwa mfanyabiashara kutoka Zanzibar, akinunua suruali za jinzi katika mji wa viwanda wa Xintang na kuzisafirisha nyumbani kwa meli. Kichina chake kiliishia kwenye bei. Dalila, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekulia Guangzhou, ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Sufian hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mkono mwepesi. Akifura kwa hasira, majirani wa mtaa wao wa Sanyuanli walimpisha njia, naye maskini alidhani wanamheshimu.

Jumamosi hiyo walikuta suruali elfu tatu alizoagiza Sufian zimefungwa tayari katika karakana ya Bosi Liang. Lakini mabunda yote yalikuwa yameandikwa jina la mnunuzi mwingine.

"Muulize zangu ziko wapi!"

Dalila aliuliza. Liang akatazama pembeni. "Meiyou," alisema.

Hakuna. Neno hilo Sufian alilijua bila mkalimani. Alimkaba Liang ukosi, akambamiza uso kwenye meza ya kukatia vitambaa. Damu ikamchuruzika Liang puani. Fundi mmoja alikuja mbio na mkasi mkubwa. Sufian akamtandika teke la tumbo, fundi akaanguka na cherehani ikamwangukia. Mafundi wengine walipiga mayowe na kukimbilia ngazi.

"Mwambie aandike! Suruali zangu zote, na elfu moja za bure juu yake. La sivyo namvunja vidole!"

"Baba, anatoka damu..."

"Sema!"

Dalila alisema. Liang aliandika. Kidau cha wino kilikuwa kimepasuka sakafuni, lakini wino haukuhitajika. Sufian alikishika kidole gumba cha Liang, akakipaka damu iliyomtoka Liang puani, akakigandamiza kwenye karatasi.

Liang alikwenda kushtaki. Jumatatu wakaitwa wote kwa msuluhishi wa mtaa, Bi Huang, mama mwenye mvi na sauti ya taratibu.

"Ukiulizwa, alitia kidole kwa hiari yake," Sufian alimwambia binti yake mlangoni. "Bila karatasi hii hatuna mzigo. Tunafunga virago."

Bi Huang aliiweka karatasi mbele ya Dalila. "Ulikuwepo. Bosi Liang alikubali kwa hiari?"

Dalila alikumbuka cherehani ikianguka na mtu chini yake. Akapiga moyo konde. "Hapana. Baba alimpiga. Kidole alikishika yeye."

"Umemwambia nini?" aliuliza Sufian.

Ingekuwa rahisi kumdanganya, asingejua. "Nimesema ulimpiga, Baba."

Kiti kilianguka. Kofi lilikuwa limeshapaa hewani pale mlinzi wa mlangoni alipoudaka mkono wa Sufian, akaupinda nyuma na kumbana ukutani. "Unanimaliza, mwanangu!" Sufian alipiga kelele. Dalila alilia kwa hofu na aibu, lakini maneno yake hakuyarudisha.

"Mtafsirie vizuri," alisema Bi Huang. "Mkataba ni watu wawili kukubaliana, kila mmoja kwa hiari yake. Aliyelazimishwa kwa kipigo, sheria inampa haki ya kuomba mkataba ufutwe."

Liang akatabasamu.

"Usicheke bado. Mlipatana nini mwanzoni?"

Dalila alifungua begi la baba yake, akatoa karatasi ya oda ya mwezi uliopita. Ilikuwa na sahihi mbili, mhuri wa karakana na doa la chai. "Siku hii walikunywa chai," alisema. "Hakuna aliyepigwa."

"Ulilazimishwa siku hii?" Bi Huang alimuuliza Liang.

"Hapana."

"Basi inakubana. Uliahidi kwa hiari. Huwezi kumkimbia mwenzako kwa sababu mwingine amekuja na bei tamu."

Tabasamu la Liang likayeyuka. Wakapatana: suruali elfu tatu zifike bandari ya Huangpu Alhamisi, za bure hakuna hata moja, na Sufian alipie matibabu ya Liang na fundi wake. Sufian akaomba radhi kwa neno la Kichina alilofundishwa na binti yake palepale.

"Mwambie baba yako," Bi Huang alimalizia, "haki yake ilikuwa ndani ya begi siku zote. Ngumi zake ndizo zilizokaribia kumpokonya. Kilichomrudishia ni ukweli wako."

Dalila alitafsiri yote, neno kwa neno. Sufian aliinamisha kichwa.

Katika treni ya kurudi alikaa mikono mifukoni. Mwishowe akauliza, "Jumamosi nitarudi Xintang. Utakuja kunitafsiria?"

"Nikikataa?"

"Ukikataa, umekataa."

Dalila alifikiri hadi kituo cha Sanyuanli. "Nitakuja. Lakini ukimgusa mtu, nanyamaza."

"Nimekubali."

Jumamosi asubuhi Sufian alibisha mlango wa chumba cha binti yake, akasimama nje akisubiri.