Ukuta Uliokunywa Maji

Mpaka rangi mmoja alirudi nyumbani akiwa hoi, kisha akashika brashi tena. Ukungu mweusi ulikuwa umechomoza upya kwenye ukuta wa chumba cha mtoto. Akaufunika kwa rangi nyeupe, kama alivyofanya kila ulipojitokeza. Kwake, kila doa lilikuwa na dawa moja tu.

Nyuma yake binti yake alikohoa hadi akajishika mbavu. Daktari alikwisha kuonya kwamba kifua kikiendelea hivyo, mtoto atalazwa.

"Baba Watoto, dawa inakwisha na kikohozi kipo palepale," alisema mkewe kwa sauti iliyochoka. Alikuwa dobi, akiwafulia majirani. Alimwaga beseni la maji ya sabuni nyuma ya nyumba, akaanika shuka chumbani, maana uani palikuwa tope tupu. Halafu akafunga dirisha kwa sababu ya mbu.

Jirani yao, mwanamke fundi bomba, alifika kuchukua nguo zake. Akaweka kiganja ukutani.

"Shemeji, ukuta huu ni mgonjwa, nawe unaupaka poda."

"Usinitanie leo. Nimechoka."

"Sitanii. Njooni nyuma."

Huko nyuma, msingi wa nyumba ulikuwa umesimama ndani ya dimbwi.

"Maji ya kufulia yanatuama hapa," alisema fundi. "Ukuta unayanyonya, ukungu unaota, mtoto anauvuta. Maji hayohayo yanaleta tope na mbu. Tope linawaingiza ndani na nguo mbichi, mbu wanawafungisha dirisha, chumba hakikauki. Mnahangaika na kila kimoja peke yake, na vyote vimeshikana."

Dobi aliinamisha kichwa. "Kumbe ni mimi ninayemwaga."

"Na mimi ninayeficha," alisema mumewe.

"Na mimi ninayeleta shuka," alisema fundi. "Lawama tuziache. Jembe liko wapi?"

Walichimba mfereji, wakayapeleka maji mbali, kwenye shimo walilolijaza kokoto. Uani pakakauka, nguo zikaanikwa nje. Wakamtundikia mtoto chandarua na kuacha dirisha wazi. Mpaka rangi alikwangua rangi yake yote, akauacha ukuta uchi mpaka ukauke. Kazi hiyo ilimuuma kuliko kuchimba.

Alasiri moja dobi aliacha kufua ghafla, akaingia ndani mbiombio. Mumewe alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Kuna nini?"

"Sikusikia kikohozi. Nikaogopa."

"Amelala tu."

Dobi akaketi sakafuni, mikono ikichuruzika povu, akamsikiliza mtoto akipumua.