Mkeka Uliosukwa Gizani

Kitendawili! Umeitika? Haya, kaa vizuri. Mkeka wangu umesukwa gizani, msusi simjui. Ukindi mmoja umepinda, na anayeulalia halali.

Usijibu. Hata kama jibu limeshafika kwenye ncha ya ulimi, lishikilie hapohapo, maana hadithi hii yote ni ya mtoto aliyelishikilia.

Kitendawili hicho hakikutegwa na mtu. Kilitegwa na mashine iitwayo Mtambuzi, katika jiji la Usangi, kule juu milimani Upare, zama ambazo magari yananing'inia kwenye kamba kutoka kilima hadi kilima, na ukungu wa asubuhi unakamuliwa kwa nyavu za shaba kama maziwa ya ng'ombe. Mtambuzi alikaa katika chumba kidogo cha shule ya sekondari: kabati la kioo, refu kama mlango, lenye mwanga wa manjano kifuani. Kila aliyemaliza kidato cha nne aliingia peke yake, akaketi kwenye kigoda, na Mtambuzi akaamua aende tahasusi ipi ya sayansi. Zilikuwapo za kila namna: Uvunaji wa Ukungu, Nishati ya Jua, Kemia ya Udongo, Safari za Anga. Na ilikuwapo Ususi wa Jeni, ambayo wanafunzi wake hufundishwa kufumua kilichosukwa vibaya mwilini mtu akiwa bado tumboni mwa mama, kisha kukisuka upya.

Mtambuzi hakutazama cheti. Mtoto alitaja tahasusi aitakayo, naye akamtegea swali moja tu la tahasusi hiyo, kisha akasikiliza fikra zinavyolikimbilia jibu. Hata aliyekosea alipata alama zake, mradi alithubutu. Aliyenyamaza alihesabiwa kuwa mtungi mtupu.

Na ili watoto wa milimani wasiogope mashine, fundi wake aliipa sauti ya mzee. Sauti nzito, ya polepole, yenye kikohozi kidogo kabla ya neno la kwanza. Tena akaifundisha kuuliza maswali yake kwa vitendawili, kama nyumbani.

Nakijwa aliitaka Ususi wa Jeni tangu akiwa mdogo, na sababu yake ililala chumba cha pili. Mdogo wake, Vumilia, alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake hupinda kama mundu wa kukatia majani, zikakwama kwenye mishipa. Maumivu yakija, Vumilia hakulia. Aliuma kona ya shuka. Shuka zote za nyumba ile zilikuwa na kona zilizotafunwa. Dawa ya selimundu ilikwisha kupatikana, lakini dawa hiyo ni mikono: msusi lazima akae na mgonjwa, azifumue jeni zake ukindi mmoja mmoja, kama nyuzi za mkeka. Usangi haikuwa na msusi tena. Wa mwisho alikuwa amezeeka akaacha kazi, na wagonjwa waliteremshwa tambarare wakasubiri zamu pamoja na wagonjwa wa nchi nzima. Rafiki wa Vumilia, Elineema, alisubiri. Alirudishwa amefunikwa.

Darasa la Ususi pale shuleni lilikuwapo, ila lilikuwa halina mwanafunzi. Hadubini zake zilifunikwa kanga zisipate vumbi. Mwaka baada ya mwaka Mtambuzi hakumwona mtoto wa kulifaa, na safari hii serikali ilisema basi: kama hatapatikana hata mmoja, darasa litahamishiwa mji mwingine.

Nakijwa aliingia, wa mwisho siku hiyo, akaketi, akaweka mikono magotini.

Kabati lilikohoa. "Kitendawili!"

"Tega," akaitika kwa sauti ndogo.

Mtambuzi akakitega kile cha mkeka. Nakijwa alilijua jibu kabla mwanga haujatulia. Lilimpanda kifuani kama chai ya moto. Akanyamaza. Mtambuzi akasubiri, Nakijwa naye akasubiri, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Mwisho mwanga ukafifia. "Nenda kapumzike, mjukuu wangu," kabati likasema. Nje, kibao kikaandika jina lake na alikopangiwa: *Upakiaji wa Mizigo, Kituo cha Kamba.*

Bibi Nanzia, aliyewalea Nakijwa na Vumilia, alikisoma kibao kile mara mbili, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Kakuuliza nini hata kikushinde?"

"Hakikunishinda, Bibi."

"Sasa?"

"Hakuomba mji."

Bibi alikaa kwenye ngazi pale pale. Maana ndivyo alivyowafundisha yeye mwenyewe. Katika nyumba ile, na nyumba nyingi za mlima ule, mzee akitega kitendawili mdogo hamrukii na jibu. Hukaa, mikono magotini, mpaka mzee aseme "Nipeni mji." Hapo mkubwa wa kikao hutoa mji, na mji ukitolewa ndipo vinywa vya wadogo vinafunguliwa. Kujibu kabla ya hapo ni kumpokonya mzee tonge mkononi.

"Twende," bibi akasema. "Nionyeshe huyo mzee asiyejua kuomba mji."

Chumbani walimkuta mhandisi amepiga magoti nyuma ya kabati, anafungua nyaya. Jina lake Tumsifu. Ndiye aliyemtengeneza Mtambuzi, na alikuwa amepanda kutoka tambarare kuja kumfungasha pamoja na darasa. Alipogusa waya mmoja, kabati likakohoa.

Bibi Nanzia akashika fremu ya mlango. "Elinihaki? Nani kamfungia marehemu Elinihaki humu?"

Tumsifu akainuka taratibu, anafuta mikono. "Shikamoo, mama. Ni sauti yake tu. Alikuwa baba yangu."

"Marahaba. Baba yako nimecheza naye utotoni. Mbona umemfanya awafukuze wajukuu zake?"

"Hafukuzi, mama. Anauliza tu. Nilimweka yeye ili watoto wasiogope."

"Na hawakuogopa! Wamemheshimu. Huyu hapa jibu analo, kalimeza kwa sababu yako. Wewe baba yako akikutegea, ulimrukia tu kama kuku kaona mtama?"

Tumsifu akatabasamu, kisha tabasamu likamponyoka. "Tulikuwa wawili tu nyumbani, mama. Mjini, kule tambarare. Mama yangu alifariki mapema, ndugu sina. Nilijibu palepale, naye akacheka. Nani angempa mji?"

Tumsifu akaligeukia kabati, akasema polepole, "Mtambuzi, nionyeshe walionyamaza."

Mashine haifichi. Kioo kikawaka, nyuso zikaanza kupita. Watoto wa mlima ule, mmoja baada ya mwingine, juu ya kigoda kilekile. Nakijwa akamtambua kijana anayekata tiketi za kamba. Akamtambua dada anayefua nyavu za ukungu. Wengine walishakuwa watu wazima wenye watoto. Wote migongo imenyooka, wote mikono magotini. Hakuna hata mmoja aliyeonekana mtupu. Walikuwa wanangoja.

Nyuso ziliendelea kupita mpaka Tumsifu akaweka kiganja juu ya kioo, kama mtu anayemfumba marehemu macho.

"Baba hakuwa hivi," akasema. "Baba angengoja mpaka asubuhi."

"Najua, mwanangu," bibi akasema, na safari hii sauti yake ililegea. "Ulimkumbuka sauti. Wenzake aliokaa nao hukuwajua."

Tumsifu akachomoa waya. Mwanga wa manjano ukazimika, na kile kikohozi hakikusikika tena. Alisimama kidogo ameshika waya ule mkononi. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya Nakijwa, magoti yake makubwa yakimfika kidevuni.

"Mtengenezaji anaruhusiwa kuuliza upya mwenyewe. Kitendawili."

"Tega."

"Mkeka wangu umesukwa gizani, msusi simjui. Ukindi mmoja umepinda, na anayeulalia halali."

Nakijwa akaweka mikono magotini. Nje, gari la kamba lilipita likiunguruma, likapotelea ukunguni. Tumsifu alifungua mdomo kuongeza neno, akaufunga. Akangoja. Kisha, kwa sauti isiyozoea maneno hayo, akasema:

"Nipeni mji."

Bibi Nanzia akajitanda kanga yake vizuri. "Mimi mkubwa hapa jibu sina. Nakupa Usangi, yote, na ukungu wake."

Nakijwa akainua uso.

"Ni damu ya mdogo wangu, Vumilia," akasema. "Nao huo ukindi naujua ulipopindia."