Majivu Kwenye Sampu

"Shuka kwenye kibaraza changu kwanza, ndipo unitukane!"

"Kibaraza chako? Nani alikupa kiwanja Ruangwa hii kama si mimi?"

"Kiwanja nilikifyeka mwenyewe, Mzee Isihaka. Wewe ulinionyesha nyoka tu, ukaenda zako kulala."

Watu waliojaa uani walicheka. Mzee Isihaka hakuwa na uso wa kuchekewa. Asubuhi ile ya Jumatatu, mwaka 1952, lori lake lilikuwa limefia Nkowe na magunia ya ufuta juu yake. Injini imekwama, haisogei hata kwa nyundo. Ilikuwa injini kuukuu, imetolewa kwenye magari yaliyotelekezwa Nachingwea mradi wa karanga ulipokufa. Aliyeifunga ni jirani yake, Selestini, Mmakonde aliyevuka Ruvuma na sanduku la spana kichwani. Tena ndiye aliyekuwa kwenye usukani ilipokufa.

"Oili yote imemwagika barabarani," Isihaka alisema. "Nilikununulia gasketi mpya, sili mpya, za kuzuia oili isivuje. Umeziuza, ukanifungia makorokoro! Swala ya alasiri ikiisha, tunakwenda kwa jumbe. Utarudi kwenu ng'ambo bila sanduku."

"Siondoki. Sili nilibadilisha zote, ya mbele na ya nyuma. Gasketi mpya nilizifunga kwa mikono hii. Huyo jumbe mwite aje hapa, nitampa kiti akae. Mimi siondoki."

Hapo ndipo Bi Mwanaima alipopenya katikati yao. Alikuwa akiuza chai na korosho za kukaanga nyumba ya tatu, na hakuna habari iliyopita Ruangwa bila kuketi kwanza kwenye mkeka wake.

"Hebu ngojeni, nyie wanaume. Mtu anafukuzwa mji na hakuna aliyeinama kuchungulia hilo lori? Twendeni."

Lori lilikuwa limevutwa na gari la Yunusi, mwenye lori la pili pale mjini, hadi kwenye banda la Isihaka. Yunusi alikuwa bado yupo, ameegemea nguzo, mikono mfukoni, anacheka peke yake. Pembeni alichutama Mbaruku, mdogo wake Isihaka, aliyeendesha lori lile miaka yote kabla ya injini hii.

Selestini aliingia chini ya gari, akafungua bolti, akaishusha sampu, lile bakuli la chini linaloshika oili. Watu waliinama. Gasketi iliyokuwa ukingoni, laini kama kizibo cha chupa, ilikuwa kuukuu, imekatika vipande vitatu. Vipande vilikuwa vimegandishwa kwa kitu cheusi kinachonata.

"Hii si yangu!" Selestini alipiga kelele. "Yangu niliifunga na uzi kwenye matundu ya bolti, isiteleze wakati wa kupandisha sampu. Uzi uko wapi hapa? Bi Mwanaima, si wewe ulinipa uzi?"

"Nilikupa. Na sindano yangu hujarudisha mpaka leo." Mwanaima aliokota kipande kwa jani, akanusa. "Huu ni utomvu wa maganda ya korosho. Injini ikipata moto, unayeyuka. Na ukikugusa mkononi, unakuchuna."

Kila mtu alitazama mikono ya mwenzake. Yunusi tu ndiye aliyebaki na yake mfukoni.

"Yunusi, itoe," Mwanaima alisema.

Akaitoa. Vidole vilikuwa na malengelenge.

"Ndiyo maana unacheka!" Isihaka alimrukia kifuani. "Unataka ufuta wote wa Ruangwa upande gari lako!"

"Nilibangua korosho za hitima kwa dada yangu, jana, mikono mitupu! Kamuulize!"

"Mwache kwanza, Mzee," Mwanaima alisema. Alikuwa bado anakitazama kile kipande. Kwenye ule weusi mlikuwa na unga wa kijivu, na ukingoni mwa sampu alama za vidole za kijivu hivyohivyo. "Fundi, injini uliiacha peke yake lini?"

"Ijumaa mchana. Nilikwenda Nachingwea kuchukua oili. Sampu ilikuwa kavu, kila kitu kimefungwa. Nilirudi jioni, nikamimina oili, basi. Sikufungua tena."

"Ijumaa mchana. Yunusi, ulikuwa wapi?"

"Msikitini, safu ya pili. Mzee Isihaka mwenyewe alinikanyaga kisigino."

Isihaka alisita. "Kweli. Nilimkanyaga."

"Na wewe, Mbaruku?"

"Nilikuwa safu ya nyuma kabisa, dada," Mbaruku alijibu. "Nani anageuka kutazama nyuma?"

Mwanaima alikwenda kwake, akarudi na kikapu cha korosho zilizochomwa nusu, maganda yangali yanatoka utomvu, na karai la majivu ya jikoni kwake. Akavitua chini.

"Mnibangulie kidogo, nyote wanne. Tukimaliza nitawaambia ni nani."

"Umerukwa na akili?" Yunusi aliruka nyuma. "Hata mkinipeleka jela, sishiki!"

Selestini alichota korosho kwa mkono mtupu, Mwanaima akampiga kofi kiganjani zikamwagika asije akaungua. Isihaka alizungushia pindo la kanzu kwenye vidole, akaanza kuhangaika kama mwenye kushika kaa la moto. Mbaruku alivuta karai karibu, akachovya mikono, akasugua majivu mpaka katikati ya vidole, akaokota korosho na jiwe. Aligonga moja. Ikatoka nzima, nyeupe.

Kisha akaona watu wote wanatazama mikono yake.

"Nani alikufundisha?" Mwanaima aliuliza polepole.

"Mama," Isihaka alijibu badala yake. "Huyu ni kitinda mimba. Wakati sisi tuko shamba Matambarale, yeye yuko jikoni na mama."

"Basi tazameni. Yunusi ameungua kwa sababu hajui kwamba majivu huzuia utomvu. Aliyefanya kazi hii alijipaka, hakuungua, lakini majivu yake kayaacha kwenye gasketi. Mwanamume anayebangua kama mama yake, mimi namjua mmoja tu."

Mbaruku alisimama, majivu mikononi.

"Ndiyo, ni mimi! Na sitoi machozi! Usukani ulikuwa wangu, kaka! Ukasimama mbele ya watu ukasema, Selestini kaifufua injini, Selestini ataiendesha mpaka Lindi. Na mimi? Nipande juu ya magunia, niwe utingo wa Mmakonde?"

"Kwa hiyo ukaiua imfie mikononi," Mwanaima alisema. "Gasketi mpya iko wapi?"

"Darini."

Ikaletwa. Ilikuwa nzima, na uzi mweupe ungali kwenye matundu yake.

Isihaka alimpokonya mdogo wake funguo za banda, akamwambia aende kwa jumbe kwa miguu yake mwenyewe kabla hajapelekwa. Mbaruku akaondoka bila kuinamisha kichwa. Watu walimfuata Selestini mpaka uani kwake, na Isihaka nyuma yao. Akasimama mwisho wa kibaraza, hapandi.

"Selestini. Nimekosa. Nisamehe, ndugu yangu, kisha tutafute injini nyingine."

"Injini nitafunga, na gasketi nitakata. Radhi ya kusimama nje siitaki." Selestini aliufungua mlango wazi, ugali na mboga ya kisamvu vikaonekana mkekani. "Umeniita wa ng'ambo mbele ya watu wote hawa. Mbele yao wote, vua viatu, Mzee, uingie ule."