Mtoto Aliyemtafsiria Mama

Emérence aliishi Newburg, mjini Louisville, na binti yake Précieuse. Mama alifanya kazi ya kufunga maboksi ghalani. Précieuse alikuwa na miaka kumi na minne. Barua zikija, Précieuse ndiye aliyezisoma. Mwenye nyumba akipiga simu, Précieuse ndiye aliyejibu. Wengi wetu wahamiaji tunaishi hivyo, na tena tunajisifu kwamba watoto wetu wanajua Kiingereza.

Basi Emérence alipohisi uvimbe kwenye titi, alimtoa mtoto shuleni, wakaenda kliniki. Daktari alizungumza kwa muda mrefu. Précieuse akatafsiri kwa kifupi.

"Anasema unywe maji mingi, upumuzike."

Mama alifurahi, akarudi kazini.

Kila Jumamosi Précieuse alikwenda kanisani kwenye kikundi cha maigizo. Mwalimu wao alikuwa Bi Rozina, Mtanzania anayefanya kazi ya ukalimani hospitalini. Vijana walitunga michezo kuhusu haki za watu, kutokana na mambo waliyoyaona wenyewe. Siku moja mwaka 2015 waliwaalika wazazi. Mchezo ulikuwa wa Kiswahili, ili kila mzazi aelewe.

Précieuse alitokea amevaa koti jeupe. Yeye alikuwa daktari. Mbele yake waliketi mama mgonjwa na mtoto wake.

"Uvimbe huu lazima upimwe haraka," daktari alisema. "Huenda ni kansa."

Yule mtoto akamgeukia mama yake. "Anasema unywe maji mingi, upumuzike."

Watu walicheka. Emérence hakucheka. Akasimama katikati ya watu.

"Précieuse, munganga wangu wa kliniki alisema vile?"

Machozi yakamtoka msichana.

"Ndiyo, mama. Alisema kansa. Niliogopa utakufa. Nilishindwa kukuambia ku nyumba, donc nikaiweka mu teatri."

Emérence alisema, "Mutoto wangu alibeba kifo yangu peke yake, na mimi nilikuwa nalala muzuri."

Bi Rozina alishuka jukwaani, akamshika Emérence mkono.

"Usimkaripie, Mama Précieuse. Mzigo huo ni wa mtu mzima. Kliniki inapaswa kukupatia mkalimani, ana kwa ana au kwa simu, na hulipi kitu. Wewe sema maneno mawili tu: Swahili interpreter. Kuelewa habari za mwili wako ni haki yako."

Jumatatu Emérence alikwenda kliniki peke yake. Aliyasema yale maneno mawili. Muda si mrefu sauti ya Kiswahili ikasikika kwenye simu, ikamweleza kila kitu. Vipimo vilionyesha kansa, lakini ilikuwa bado ndogo. Alifanyiwa upasuaji, akaendelea na matibabu, akapona.

Siku moja, wakati wa matibabu hayo, muuguzi wa kliniki aliyezoea kumwona akija na Précieuse alimwuliza kupitia mkalimani, "Leo binti yako yuko wapi?"

"Yuko ku masomo," Emérence alijibu. "Mugonjwa ni mimi."