Mama Keki na Bakuli la Vipande

Majirani na ndugu zangu, hasa ninyi wenzangu mliokwisha kula chumvi ya kutosha na mikanda yenu ikaongezwa matundu, nipeni masikio. Nataka kuwasimulia yaliyoipata nyumba inayopakana na yangu. Sisimulii kwa kuambiwa. Ukuta wetu wa ua ni mmoja, na madirisha ya jikoni yanatazamana juu yake.

Mama wa nyumba hiyo tulimwita Mama Keki, kwa sababu tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuoka keki za harusi. Mumewe ni fundi saa, mwembamba kama mshale wa dakika, ambaye hushinda barazani na lenzi yake jichoni, akichokoa saa za watu kwa vibisibisi vidogo kama sindano. Watoto wao wameshaoa na kuolewa. Walibaki wawili, wakitaniana mchana kutwa kupitia dirisha la jikoni.

Jumamosi moja asubuhi, mtaa mzima ulinukia vanila. Redio ilikuwa ikiimba taratibu, fundi saa akiifuatisha kwa mluzi, na Mama Keki alikuwa akimalizia maua ya krimu kwenye keki ya ghorofa tatu ambayo ingechukuliwa mchana. Gari la wenye harusi likafika. Akaibeba ile ghorofa ya chini, iliyo nzito kuliko zote, akatoka nayo. Kwenye ngazi ya baraza, goti lake la kulia likalegea. Nilisikia kishindo, kisha sauti ya fundi saa ikiita kwa hofu, "Mama! Mama!"

Tulimkuta chini, krimu hadi kwenye nyusi, anahema kama aliyekimbizwa. Hata hivyo, alichokuwa akililia ni kazi.

"Keki ya watu! Nitawaambia nini?"

"Keki itaokwa nyingine," mumewe alimwambia huku akimfuta uso kwa shati lake. "Wewe nitakuoka wapi?"

Zahanati walimlaza kitandani, wakampima. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole lakini asiyezungusha maneno.

"Mama, presha imeshaingia sebuleni kwako," alisema. "Sukari bado iko mlangoni, inabisha hodi. Na magoti yako yamechoka kukubeba. Uzito lazima upungue."

"Lakini binti yangu, mimi sili!" Mama Keki alilalamika. "Muulize huyu. Chakula changu mezani ni kama cha kuku."

Fundi saa aliitikia kwa kichwa, na hakuwa akimtetea kwa uongo. Kila walipokaa mezani, Mama Keki alikuwa akidonoa vijiko viwili vitatu, kisha anasema ameshiba. Muuguzi akawatazama wote wawili, kisha akauliza, "Sikuulizi kuhusu mezani. Kinachopita mdomoni tangu ukiamka, ni nini na nini?"

Mama Keki aliteremka kitandani, akavaa viatu. Alirudi nyumbani akiwa amenuna kidogo.

Sasa, ndugu zangu, mahali palipo na mgonjwa hapakosi mganga. Wifi yake, dada wa fundi saa, ni mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alisikia habari, akaja mbio na kopo la unga wa kijani alioununua kwa mchuuzi wa sokoni.

"Wifi, huu ndio wenyewe," alimwambia. "Unakoroga, unakunywa, huli kitu. Utashtukia nguo zinakuvuka!"

Nguo zilianza kumvuka kweli. Pamoja na nguo, nguvu nazo zilimvuka. Akawa anashinda chooni, midomo mikavu, mikono inatetemeka hata mfuko wa kuminyia krimu haushikiki. Mwishowe alizimia mbele ya tanuri la moto, na bahati yake ni kwamba aliangukia upande wa gunia la unga wa ngano. Angeangukia upande wa pili, leo ningekuwa nasimulia mengine.

"Ulichopunguza hapa ni maji na nguvu," muuguzi alisema tulipomrudisha zahanati, akimfungia dripu, wifi naye amepiga magoti kando ya kitanda analia. "Mafuta yako yamekaa palepale yanakucheka."

Wengi wetu hapo tungekata tamaa. Tungesema huu ndio mwili wa ukoo, Mungu kaupanga, tuachieni. Lakini yule mama ana jambo moja ambalo nimelistahi siku zote: hapendi kujidanganya katika kazi yake. Keki ikididimia katikati, hasemi tanuri baya, huivunja akatafuta kosa. Safari hii aliamua kujivunja mwenyewe.

Aliporudi na kupata nguvu, alichukua bakuli kubwa la kuchanganyia, akaliweka mezani jikoni.

"Fundi," alimwambia mumewe kupitia dirishani, "leo kila nitakachotaka kutupia mdomoni nikiwa nimesimama, nitakitupia humu. Ukiniona natafuna, piga kelele."

Wanaojua kuoka wanafahamu kwamba keki huumuka katikati kama kichuguu. Ili ipangwe ghorofa juu ya ghorofa, lazima kile kichuguu kikatwe iwe bapa. Vile vipande vya kukata, vya moto, vitamu, Mama Keki alikuwa akivila miaka yote bila hata kujua anakula. Kipande hiki, kijiko cha krimu kuonja, kidole kwenye sufuria ya chokoleti, kipande kingine.

"Mama!" fundi saa alikuwa akipaza sauti kutoka barazani. "Shavu linacheza!"

"Limecheza lenyewe!" alijibu, kisha nikamwona akitema kwenye bakuli.

Jioni waliniita nione. Bakuli lilikuwa limejaa, limefura juu. Mle ndani mlikuwa na keki nzima ya kutosha wageni wa sebule moja, na krimu yake. Mama Keki alilitazama, akaangua kicheko, akacheka hadi akashika mbavu. Halafu kicheko kikageuka. Akavuta kiti, akakaa, machozi yakimtiririka.

"Kumbe hii nimekuwa nikila kila siku," alisema. "Na chakula cha mezani namwachia Fundi, ati mimi sili."

Kuanzia hapo kazi ilianza, na ilikuwa kazi haswa. Alijiwekea sheria moja: hatakula akiwa amesimama. Akawa anakaa na mumewe, sahani yenye mboga za majani nusu nzima, maharage au samaki, na wali kidogo pembeni. Alishiba kweli, na aliposhiba, tanuri lilikosa sauti ya kumwita. Sukari ya chai aliipunguza kidogokidogo mpaka ikaisha. Siku ya kwanza ya chai isiyo na sukari alikunja uso akasema, "Hii chai imeninunia." Kazi ya kuonja akamkabidhi mumewe, ambaye hanenepi hata umlishe gunia. Ndipo akili ya ufundi ya Mama Keki ikamwonyesha jambo la kupendeza: akawa anazungushia vitambaa vilivyoloa kwenye bati za kuokea, ili kingo zisiive mapema kuliko katikati. Keki zikaumuka sawasawa, bapa juu kama meza. Hakukuwa tena na kichuguu cha kukata. Kishawishi alikuwa amekiondoa tangu tanurini.

Uzito ulishuka polepole mno. Kuna wiki mizani haikusogea, na kuna wiki ilipanda. Walipofiwa na shangazi, alishinda msibani akila chochote kilicholetwa, akarudi amefura. Nilidhani ameacha. Asubuhi yake nilimwona dirishani anachambua mboga.

"Jirani, nimejikwaa tu," aliniambia. "Miguu bado ninayo."

Ajabu ni kwamba uzito haukumsumbua kama midomo yetu. Mwili ulipoanza kuonekana umepungua, mtaa ulianza kunong'ona. Mmoja alisema ana ugonjwa anaouficha. Mwingine akasema fundi saa amepata nyumba ndogo, mke anakwisha kwa mawazo. Hebu mfikirieni yule mzee, ambaye hata dukani haendi bila kuaga! Wateja wengine walihamisha oda zao, wakiuliza keki ya mwokaji mwembamba itakuwa na utamu gani.

Wifi yake ndiye aliyeyabeba maneno hayo hadi nyumbani kwao. Alifika na sufuria ya nyama inayoogelea mafuta, akaitua mezani kwa kishindo.

"Kaka, watu wanasema hatumlishi mkeo! Wifi, utakula mbele yangu leo, sitoki."

Fundi saa alitaka kujibu kwa ukali, mkewe akamshika mkono.

"Wifi yangu, kaa kwanza," alisema taratibu. "Najua unanipenda. Ndiyo maana ulinipigia magoti zahanati ukilia. Sasa nikuulize, ulikuwa unalilia nini? Mwili mkubwa, au mimi?"

Wifi alivuta kiti, akakaa, na Mama Keki akaendelea.

"Dawa za presha nimepunguziwa. Nalala bila kukoroma, kaka yako shahidi. Wakisema nimekonda, waambie kwamba nipo hai. Hiyo nyama nitakula kipande kimoja, kwa sababu umeipika wewe. Kimoja tu."

Akala kimoja, akakisifia, akafunika sufuria. Yule mwanamke wa sauti kubwa aliondoka siku ile bila kuuaga mtaa kwa makelele yake ya kawaida.

Ukapita muda mrefu. Mama Keki hajawa kigori, wala hakuahidiwa hilo na mtu. Ni mama mnene kiasi, mwenye mwendo mwepesi, na wateja wamerudi kwa sababu utamu wa keki zake haukuwahi kupungua. Muuguzi alipompima mara ya mwisho alimwambia sukari imeondoka mlangoni, akacheka naye kama dada yake.

Na juzi, nikiwa jikoni kwangu, nilimwona wifi yake akiingia pale. Hakupaza sauti. Alisimama katikati ya jiko, miguu imevimba kwenye kandambili, uso umesawijika.

"Wifi," alisema, "nimetoka zahanati. Sasa ni zamu yangu. Sijui hata pa kuanzia."

Mama Keki angeweza kumkumbusha kopo la kijani. Angeweza kumkumbusha sufuria. Alifuta mikono kwenye aproni, akamkumbatia, kisha akamvutia kiti.

"Anza kwa kukaa," alimwambia. "Tule pamoja."

Funzo

Umri ukisogea, mwili hausamehe kama zamani, lakini bado unasikia ukizungumza nao kwa upole. Msinunue njia ya mkato kwenye kopo. Jichunguzeni kwa ukweli, maana kinachotudhuru mara nyingi ni kile tulichozoea hadi hatukioni. Badilisheni kidogo, mvumilie, na mkijikwaa mwendelee. Mwenye maradhi aulize wataalamu kabla ya kubadili chochote.

Nasi majirani, tukimwona mtu mzima anapambana na sahani yake, tumheshimu. Badala ya kumuuliza nani anamtesa, tumuulize tumsaidieje.