Maziwa ya Siku Mbili

Mvuke ulifoka kutoka chini ya boneti, ukaziba kioo chote. Dereva akakanyaga breki, gari la misheni likasota mchangani na kunyamaza katikati ya nyika isiyo na mti hata mmoja wa kumzidi mtu urefu.

Ndani walikuwa wanne. Dereva mwenyewe, ambaye kwa kupenda kusimama ghafla aliitwa Breki. Pembeni yake Dada wa Misheni, mama kijana aliyekuja miezi miwili iliyopita kufundisha Neno la Mungu vijiji vya mbali. Kiti cha nyuma alilala mzazi aliyejifungua siku kumi nyuma, homa imempanda, kamkumbatia binti yake mchanga. Walikuwa wakimkimbiza hospitali.

Hapo Breki akakosea, kosa la dereva mwenye haraka. Alingoja rejeta ipoe, akamimina humo dumu zima la maji ya kunywa, ndipo akasikia tone, tone, kisha mchirizi. Rejeta ilikuwa imepasuka chini. Kufumba na kufumbua, mchanga ulikuwa umeyanywa yote.

Zikabaki chupa mbili za lita moja moja. Barabara kuu ilikuwa kilomita arobaini mbele, na simu hazikushika mtandao tangu asubuhi. Breki alitaka kwenda kwa miguu. Dada akamkatalia: kwa jua lile angeanguka kabla ya nusu ya njia, na anayetafuta huliona gari kabla ya kumwona mtu. Wakafunga turubai ubavuni mwa gari, wakamlaza mgonjwa kivulini.

Mtoto ndiye aliyetangulia kuishiwa nguvu. Homa ilikuwa imekausha maziwa ya mama yake tangu jana. Alilia mpaka sauti ikawa kama mlango unaodai mafuta, kisha akanyamaza, na ukimya ule ulimtisha Dada kuliko kilio. Alimgusa utosi. Ulikuwa umebonyea.

Yeye mwenyewe alikuwa amemwacha mwanawe wa miezi minane na mama mkwe kwenye nyumba ya misheni, kwa siku tatu tu. Kifua kilimjaa na kuuma, blauzi imelowa mbele. Asubuhi ile alikuwa amejikamua nyuma ya darasa na kumwaga chini.

"Nipe nimnyonyeshe," alimwambia mzazi. "Nilipimwa damu nilipojifungua, na mwezi jana tena. Mimi mzima."

Mzazi alimtazama kwa macho mekundu, akamtazama sana, kisha akamsogeza mtoto.

Mwanzoni mtoto hakuweza hata kushika. Dada alimdondoshea matone mdomoni, moja moja, hadi ulimi ukaanza kutafuta. Aliposhika, alishika kwa ufizi kama koleo. Dada akauma midomo, machozi yakamtoka, akajikuta anacheka.

Kwa miezi miwili wanafunzi wake walikuwa wanawake sita, na Breki aliwahi kumwambia wazi kwamba wale hufuata kivuli cha bati la darasa, si Neno. Dada alikuwa ameshaamua kuomba arudishwe kwao. Sasa mtoto wa mtu alikuwa akimeza, anapumua, anameza tena, naye kwa mara ya kwanza hakujiuliza alikuja kufanya nini.

Siku ya pili Breki aligawa maji kwa kizibo. Mgonjwa alipata vizibo vitano, Dada kumi. Dada akabisha, alitaka wagawane sawasawa.

"Kunywa, dada yangu," Breki alisema. "Ukikauka wewe, mmekauka wawili. Mimi ngamia, nundu yangu hii hapa." Akajipiga kitambi.

Yeye alilowesha midomo tu. Kufikia adhuhuri midomo hiyo ilikuwa imepasuka, na hakutania tena. Katika chupa ya mwisho maji yalibaki vidole viwili. Mtoto alinyonya, akaachia, akarusha ngumi. Maziwa yalikuwa yanapungua.

Dada aliomba, wala si kwa urefu aliowafundisha wengine. Bwana, maziwa tu. Mengine nitaomba baadaye.

"Huyo Yesu wako," mzazi alinong'ona, "ndiye aliyekutuma kwangu?"

"Labda. Mimi nilidhani kanituma na kitabu."

Mzazi alitabasamu kwa shida. "Kitabu hakinyonyeki."

Alasiri ukasikika mngurumo. Mbali sana, vumbi lilikuwa linatambaa, lakini halikuja upande wao. Breki aliinuka, akaanguka. Tairi la akiba alikuwa amelitunza walichome saa kama ile, maana moshi usio na wa kuuona ni tairi lililopotea bure. Dada akamrudishia mzazi mtoto, akachukua spana, akalifungua mwenyewe, akalivingirisha mbali na gari. Alivuta dizeli kwa mpira, ikamwingia kinywani, akaitema, akalowesha kitambaa na kukiwasha.

Upepo uliulaza moshi chini. Vumbi lilikuwa linawapita. Dada akang'oa godoro la kiti cha nyuma, akaliburuta, akalitupia juu ya moto. Moshi ukawa mzito, mweusi, ukasimama.

Vumbi lilisimama pia. Kisha likaanza kukua.

Lilikuwa lori, na dereva wake alimpa Breki kikombe cha kwanza cha maji. Breki akampelekea Dada, na safari hii Dada hakubisha.

Hospitali walimtundikia mzazi dripu, mtoto wakampa maziwa ya kopo. Kesho yake daktari alisema wote wawili watapona, ndipo Dada akakubali kupelekwa nyumbani. Mwanawe alimrukia, akanyonya, akavuta, kisha akamkazia macho kama mtu aliyeuziwa gunia tupu. Mama mkwe, aliyekwisha kusikia yaliyowapata nyikani na kuanza kuwafungashia mizigo warudi kwao, aliweka nguo chini.

"Chakula cha mjukuu wangu umempa nani?"

"Dada yake," alijibu, akicheka na kulia. "Mizigo usifunge, mama. Maziwa yakirudi nitamchukua twende kijijini kwa yule mtoto, wafahamiane."