Kidole Kwenye Kiriba

Kila Jumatatu na Alhamisi, wanafunzi hamsini wa darasa la sita walifika shuleni na dumu la maji kila mmoja. Newala maji hayachezewi. Dumu likimwagika njiani, mwenyewe hurudi kisimani. Langoni alisimama Faidha, daftari mkononi, akiweka alama ya vema mbele ya jina la kila aliyeleta.

Faidha alikuwa msimamizi wa kitalu cha mikorosho. Alikuwa amehudhuria semina ya viongozi wa wanafunzi mjini Masasi, na hatua za usimamizi alizitaja bila kukosea: kupanga, kugawa kazi, kufuatilia, kurekebisha. Kitalu kilikuwa na miche mia mbili katika mistari kumi. Mvua zikianza, kila mwanafunzi angepeleka nyumbani miche minne. Faidha alikwisha kumwahidi bibi yake, ambaye mikorosho yake ilikuwa imezeeka.

Alhamisi moja Dominika, aliyeketi naye dawati moja, alimwita kutoka nyuma ya kitalu.

"Bosi, njoo uwaone wagonjwa wako!"

Miche ya mistari mitatu ya mwisho ilikuwa imenyauka. Mingine ilikauka kabisa.

"Haiwezekani," alisema Faidha. "Leo wote wamepata vema."

"Basi ipe hizo vema, inywe!"

Wenzao wakaangua kicheko. Faidha akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Cyril, mwalimu wa kilimo.

"Shikamoo, mwalimu. Wenzangu wananiharibia kazi."

"Marahaba. Nani hakuleta maji?"

"Wote wameleta."

"Maji yamekwenda wapi?"

Faidha alifungua daftari, akalifunga. Ndani mlikuwa na majina na vema tu.

"Jumatatu usisimame langoni," alisema mwalimu. "Simama kitaluni."

Jumatatu alisimama, akatazama. Kila aliyefika, shingo ikimuuma, alimwaga maji kwenye mistari ya karibu na njia, kisha akakimbilia mpira. Huko mbele viriba, ile mifuko ya miche, vilijaa tope. Nyuma udongo ulikuwa mkavu kama unga. Hakuna aliyekuwa mvivu. Hakuna aliyeambiwa sehemu yake ni ipi.

Asubuhi hiyohiyo Faidha aliwakusanya. Kila mstari aliupa watu watano, akachomeka kijiti chenye majina yao. Kabla ya kumwagilia, mtu angeingiza kidole kwenye udongo wa kiriba. Kama ni mbichi, maji yapelekwe palipokauka.

"Dominika, wewe utakagua pamoja nami."

"Mimi niliyekucheka?"

"Wewe uliyeona."

Baada ya wiki mbili miche iliyonyauka ilichipua, isipokuwa kumi na minane iliyokufa. Hivyo wanafunzi kumi na wanane wangepata miche mitatu badala ya minne. Faidha alianza orodha yao kwa kuandika jina lake mwenyewe.

Mwalimu Cyril aliisoma orodha hiyo mbele ya darasa. "Hatua za usimamizi Faidha alizijua tangu Masasi," alisema, "lakini alihesabu madumu, hakuitazama miche. Elimu huwa ujuzi pale unapokwenda kazini, ukaona kosa, ukalirekebisha kwa mikono yako."

Mvua ya kwanza iliponyesha, Faidha alimpelekea bibi yake miche mitatu.

"Uliniahidi minne, mjukuu wangu."

"Mmoja ulikufa, bibi. Kosa lilikuwa langu."

Bibi aliinama, akaingiza kidole kwenye kiriba kimoja, akakitoa na udongo mbichi.

"Hii imetunzwa," alisema. "Lete jembe."